Mwaka Tulioifuata Baridi

Tulimzika Daktari Marigu nyumbani kwao Mbeere, siku ya jua kali, vumbi jekundu likipanda hadi kwenye pindo za nguo. Nilikuwa nimetoka Kanja asubuhi na sweta mwilini kwa sababu kwetu juu kulikuwa na ukungu, na kufika huko chini ile sweta ikawa mzigo wa kubeba. Kathure alikuwa ametangulia. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi, tulikuwa watu wa kutumiana salamu za sikukuu kwa simu tu. Nilipomwona amekaa chini ya hema, mvi zimeanza kuchungulia juu ya masikio, nilijipenyeza nikaketi karibu naye, naye akanishika mkono. Mbele yetu alikaa bibi mmoja wa pale kijijini. Mhubiri alipokuwa akitafuta ukurasa, bibi huyo aligeuka akatunong'oneza, "Nyinyi ni wa hospitali?"

"Hapana, cucu," nikamjibu.

"Si marehemu alikuwa daktari? Mimi nilimwambia magoti yangu yananiuma, akasema yeye si wa magoti. Sasa alikuwa daktari wa nini?"

Kathure alifikiri kidogo. "Wa baridi, cucu."

Bibi alitazama lile jua lililokuwa likipasua ardhi, akatutazama sisi, akatikisa kichwa. "Basi huku kwetu hangepata kazi," akasema, akageuka mbele. Tulificha vicheko vyetu kwenye leso, na katika kuficha kicheko ndipo machozi yakanitoka. Nikajua kwamba nikifika nyumbani nitaandika habari za mwaka ule kabla nao haujaenda.

Ulikuwa mwaka wetu wa tatu wa hisabati tumizi, katika chuo kilicho nje kidogo ya mji wa Meru. Mimi na Kathure tulipanga chumba kimoja juu ya duka la chakula cha mifugo. Harufu ya pumba na molasi ilipanda kupitia mbao za sakafu, ikaingia kwenye nguo zetu, hata darasani wenzetu wakawa wanatuuliza kama tumefuga. Vitanda vilikuwa viwili, stovu moja ya mafuta, na dirisha lililotazama uwanja wa bodaboda, ambako vijana walibishana kuhusu mpira tangu alfajiri. Upande wa pili wa ukuta alikuwa fundi cherehani, mama mwenye sauti nzito, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulijua ni bibi harusi gani amenenepa kabla ya siku yake na ni mama mkwe gani hataki rangi ya zambarau. Kila muhula ulipoanza Kathure alikuja na gunia la viazi kutoka kwao Timau, nami nikaleta ndizi za kupika na maparachichi. Tulipika vyote katika sufuria moja, tukaponda na mboga ya majani, tukala tumekaa kitandani miguu imekunjwa. Yeye alizungumza hesabu huku akimenya. Mimi nilizungumza juu ya kuondoka.

Nilikuwa nimeamua, mwaka ukiisha, niombe kuhamia masomo ya biashara. Si kwamba nilikuwa nikishindwa. Alama nilipata. Lakini shule ya upili nilipenda hesabu kwa sababu kila swali lilikuwa na jibu nyuma ya kitabu, na hapa chuoni tulipewa herufi za Kigiriki zikifukuzana ubaoni, tukazigeuza, tukazihamisha upande huu na ule, na mwisho tukapata herufi nyingine. Nilikuwa kama mtu anayekariri sala katika lugha asiyoijua. Goti linapigwa mahali pake, midomo inasema yanayopaswa kusemwa, na moyo uko kwingine kabisa.

Daktari Marigu ndiye aliyetufundisha milinganyo inayoeleza jinsi joto linavyosafiri. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, na kwa kuwa alizaliwa kwenye joto la Mbeere, Meru kwake ilikuwa adhabu. Alifundisha amevaa koti zito lililofika chini ya magoti, na baridi ikizidi alishika chaki akiwa na glavu. Alizungumza akitazama ubao, kana kwamba ubao ndio uliomwuliza swali. Siku moja nilikuwa nimesimama nje ya ofisi yake nikisubiri kumweleza habari ya kuhama, mlango ukiwa wazi nusu, nikamsikia akizungumza na mwalimu mwenzake.

"Wale wa mwaka wa tatu wanajua kutafuta jibu," alisema. "Ni wazuri. Lakini hawaamini."

"Hawaamini nini?" mwenzake akauliza.

"Kwamba ni kweli. Wanadhani ni mambo ya karatasi."

Sikugonga mlango. Nilishuka ngazi nikaenda zangu, nikiwa na haya kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa, ingawa hakuna aliyelitaja.

Muda si mrefu mama yake Kathure alipiga simu. Tulikuwa tunakula. Kathure aliweka simu kwenye spika ili mkono wake ubaki kwenye sahani, na sauti ya mama ikajaa chumbani, pole pole, ya mtu aliyekwisha kulia. Barafu ilikuwa imechoma viazi. Kule Timau, kwenye mteremko wa mlima, usiku ukiwa na anga wazi bila upepo, unyevu huganda juu ya majani, na jua likitoka majani yanageuka meusi kama yaliyopitiwa na moto. Mama huyo aliacha kazi katika shamba la maua ili alime kipande chake mwenyewe, na huu ulikuwa msimu wa pili mfululizo kupata hasara. "Nikichomwa tena nitarudi kwa maua," alisema. "Wewe soma tu, usiwe na wasiwasi." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomfanya Kathure asukume sahani kando.

Nilimwuliza kitu cha kumwuliza tu, ili tusikae kimya. "Vyote vimechomwa?"

"Hapana. Ni hivi vya chini, karibu na ua wa miti. Vya juu viko sawa. Huwa ni hivyo kila mara."

Tulitazamana. Juu ndiko kunakokaribiana na mlima. Juu ndiko kungepaswa kuwa na baridi zaidi.

Kesho yake tulimpelekea Daktari Marigu swali hilo. Alikuwa anakunywa chai, kikombe amekikumbatia kwa mikono miwili. Alikiweka mezani. "Nyinyi mnadhani baridi inaanguka kutoka mbinguni kama mvua," alisema. "Ardhi inapoteza joto lake usiku, hewa iliyo juu yake inapoa, na hewa ikipoa inakuwa nzito. Sasa kitu kizito kikiwa kwenye mteremko kinafanya nini?"

"Kinateremka," Kathure akasema.

"Na kikikuta ua?"

Hakungoja jibu. "Hiyo ndiyo kazi yenu ya mwaka," akasema. "Nyote wawili. Na wewe Wanja, lile jambo ulilotaka kuniambia wiki iliyopita litangoja." Sikujua kwamba alikuwa ameniona mlangoni.

Kwa miezi iliyofuata tuliishi na baridi ile chumbani. Tulikopa vipimajoto vya maabara, Kathure akavipeleka nyumbani na kumfundisha mama yake kuvisoma. Mama alitupigia kila asubuhi kabla ya kukamua. Tulichana mifuko ya karatasi ya kaki tuliyopewa na mwenye duka la chini, tukaibandika ukutani, na juu yake tukachora shamba: mteremko wake, ua wa mitarakwa uliopogolewa ukakazana kama ukuta, zizi la ng'ombe kwenye kona. Kisha ukaja mlinganyo. Ulikuwa uleule wa ubaoni, lakini sasa herufi moja ilikuwa mteremko wa Timau, nyingine ilikuwa uzito wa hewa ile niliyoisikia katika sauti ya mama. Tulikosea mara nyingi. Kuna wakati hesabu ilituambia baridi inapanda mlima, na Kathure akacheka hadi fundi cherehani akagonga ukuta. Lakini mchana mmoja wa Jumamosi, baada ya kupata kosa la alama ya kutoa mahali palipotaka kujumlisha, tulipaka kwenye karatasi ya kaki, kwa penseli ya buluu, mahali ambapo mlinganyo ulisema baridi itakaa. Penseli ilijaza nyuma ya ua, ikapanuka kando, ikaacha juu peupe. Kathure alinyoosha kidole akagusa ukingo wa buluu. "Hapa ndipo mama anaposimama akilia," alisema. "Wanja, ni hapa hasa." Fundi cherehani alikuwa akimwambia mtu kwamba kitambaa hakitoshi. Nakumbuka hilo kwa sababu ulikuwa mshangao kwangu kwamba dunia ilikuwa inaendelea na mambo yake.

Tulikimbilia kwa Daktari na jibu: fungua ua, baridi ipite. Alitazama karatasi ile muda mrefu. "Ipite iende wapi?" akauliza. Karatasi yetu iliishia kwenye ua. Ng'ambo ya ua lilikuwa shamba la karoti la mzee mmoja, M'Ikiara, na baada ya shamba lake kuna kichaka kizito, halafu kijito ndani ya korongo. Baridi haipotei kwa sababu wewe umemaliza kuchora. Tulirudi chumbani tukaongeza mfuko mwingine wa kaki chini ya ule wa kwanza, na penseli ya buluu ikajaza karoti za watu.

Leo, nikiwafundisha hesabu wasichana wa kidato cha nne hapa Kanja, huwa nawaambia mpaka wa swali unachorwa na mtu, na mtu huyo atajibu kwa alichokiacha nje. Wao huandika kwa sababu wanadhani litatoka kwenye mtihani. Sina namna ya kuwaonyesha sura ya Daktari Marigu siku ile, mpole kabisa, akitungojea tufike wenyewe.

Safari ya Timau tuliifanya watatu, Daktari amevaa koti lake, sweta mbili ndani na kofia ya sufu iliyofunika nyusi. Mama yake Kathure alitupokea kwa viazi vilivyochomwa kwenye majivu na maziwa moto, na alipoona mgeni wake anatetemeka alimfunika blanketi la kitandani bila kuomba ruhusa. Alikuwa mwanamke mrefu, mchangamfu, aliyezungumza nasi Kiswahili kwa ajili yangu na Daktari, na akichoka nacho aliingia Kimeru katikati ya sentensi akamwachia Kathure afasiri. Habari za M'Ikiara hakutaka kuzisikia. Walikuwa hawasalimiani tangu ndama wake alipoingia kwenye karoti za mzee huyo. Ua wenyewe ulipandwa kwa sababu ya ugomvi huo.

Jua lilipoanza kuzama tulishuka shambani, tukawasha majani mabichi na kinyesi kikavu cha ng'ombe upande wa juu, ili moshi utuonyeshe njia ya hewa. Moshi ulipanda wima kama moshi wowote. Tulisubiri. Kilele cha mlima kilibaki na mwanga peke yake huku sisi chini tukiwa kivulini, na upepo ukaisha, na nikasikia mbavu zangu zinajua kwamba anga imefunguka. Ndipo moshi ukainama. Sijui neno lingine. Uliinama, ukalala chini, ukaanza kutambaa. Uliingia kati ya matuta ya viazi ukashuka kwa utulivu, kama uji unaomiminwa kwenye sinia, ukafika kwenye ua, ukasimama. Kisha ukaanza kujaa. Ulijaa nyuma ya ua na kupanuka kando, na ukingo wake ulikuwa ukingo wa buluu wa karatasi yetu. Nilijua utakapogeuka kabla haujageuka. Hakuna mtu aliyeuambia moshi ule tulichoandika Meru juu ya duka la pumba, na bado ulikuwa ukitusoma neno kwa neno.

Nilimgeukia Daktari Marigu. Alikuwa ameziba mdomo kwa glavu. "Nimeufundisha mlinganyo huu maisha yangu yote ya kazi," alisema, na sauti yake ikakatika. "Sijawahi kuuona."

Mama alimvuta Kathure kando. "Huyu mwalimu wako analia kwa sababu ya moshi?"

"Eeh, mama," Kathure akajibu, naye akipangusa macho. "Ni moshi."

Wakati huo M'Ikiara alikuja akipiga kelele kutoka upande wake, ndoo ya maji mkononi, akidhani shamba linaungua. Alipochungulia juu ya ua na kuona lile ziwa la moshi limelala, ndoo ilibaki inaning'inia. Aliuliza ni uchawi gani. Kathure alimweleza, kwa Kimeru, polepole, kwa heshima ya mtoto kwa mzee, na mimi nikifuata kwa kuangalia mikono yake.

"Na mkifungua hapa?" akauliza kwa Kiswahili, ili sote tusikie.

"Itakuja kwako, mzee," Kathure akasema.

"Na unaniambia hivyo bila aibu?"

"Ndiyo sababu tumekuja kukuambia kabla hatujafungua."

Daktari Marigu alimwomba atupeleke upande wake wa chini. Tulizunguka, tumebeba mkebe uliojaa majani yanayofuka, tukauweka kati ya karoti zake. Moshi uliteremka hadi kwenye kile kichaka cha chini, ukakwama, ukaanza kujaa vilevile. M'Ikiara alivua kofia akajikuna. "Hizi mistari ya mwisho huwa hazinipi kitu," alisema. "Nimebadilisha mbegu. Nimebadilisha mbolea. Hata nimegombana na yule aliniuzia." Kisha akamtazama mama yake Kathure, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Tukifungua, tunafungua zote mbili. Yako na yangu, mpaka mtoni. Na kuni za ua ni zangu."

"Chukua kuni, M'Ikiara," mama akasema. "Lakini uache kuangalia ndama yangu na jicho mbaya."

"Hiyo ndama sasa ni ng'ombe," mzee akasema. "Nilisahau kitambo."

Waliukata ua wiki ile, na kile kichaka cha chini pia. Sisi tulirudi Meru tukangoja, na kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko mtihani wowote niliowahi kuufanya. Moshi ni moshi. Viazi vilikuwa vimepandwa upya, na kama tulikosea, mama angekuwa amebomoa ua wake na kukosa mavuno, na M'Ikiara pamoja naye, kwa sababu ya wasichana wawili na penseli. Kathure alipunguza kula. Mimi nikaanza kupitia hesabu zetu upya kila nilipopata nafasi, na sikuwaza biashara hata kidogo.

Mwezi wa Januari, siku za anga kavu, tulienda kukaa naye. Asubuhi ya pili mama alitufungulia mlango akatuita kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu. Tulitoka tumejifunika mablanketi. Mashamba makubwa ya ngano kwenye tambarare huko juu yalikuwa meupe. Mashamba ya majirani kulia na kushoto, ambayo nyua zake hazikuguswa, yalikuwa meupe, kila mche umevaa sukari. Na katikati ya weupe huo viazi vya mama vilikuwa kijani, vimelowa umande tu, mstari baada ya mstari hadi kwenye lile pengo, na ng'ambo ya pengo karoti za M'Ikiara zikaendelea na ukijani huo hadi chini. Kwenye kijito, matete yote yalikuwa meupe kabisa, marefu, yamesimama bila kutikisika. Baridi yote ilikuwa imeshuka ikalala pale.

Nilikuwa nimezoea kuogopa kanisani, ule woga mzuri wa kusimama mbele ya kitu kikubwa kuliko wewe, lakini sikujua kwamba unaweza kunikuta shambani, kwa sababu ya mlinganyo. Mama alitembea kati ya matuta akigusa majani kwa viganja, huku na huku, akicheka peke yake. M'Ikiara alisimama upande wake akiwa ameshika mundu ambao hakuwa na kazi nao. Kona moja, nyuma ya zizi la ng'ombe, ilikuwa imechomwa, na hesabu yetu haikuwa imesema hivyo. Kathure aliiona, akachuchumaa pale akaisahau dunia, na nilipomtazama nikajua kwamba ile kona ilimfurahisha kuliko shamba zima. Bado iko hivyo. Siku hizi kazi yake ni kutabiri hali ya anga, na nikimpigia simu siku utabiri wake umekosea, huwa namkuta na furaha.

Tulipewa chai jikoni, M'Ikiara naye akaitwa, akaja na kuketi karibu na moto. Kuni alizoleta kama zawadi zilikuwa za ule ua. Mama alimimina, akatupa kila mmoja kikombe, akasimama na birika mkononi akinitazama mimi, si binti yake.

"Sasa hiyo hesabu yenu," alisema, "inaweza kuniambia mvua itakuja lini?"

"Bado, mama," nikasema.

"Basi maliza chai urudi shule."

Nilimaliza chai, nikarudi.